Dimbwi Lisilo na Madume

Honorine hakuwa mtu wa kuamini neno kwa sababu tu limesemwa. Ukimwambia mvua inakuja, alitoka nje kutazama. Mgonjwa akisema ana malaria, alimjibu kwa upole kwamba malaria inajulikana kwa kioo, si kwa mdomo, kisha akamchoma kidole. Nimefanya naye kazi miaka kumi na moja katika kituo kimoja cha afya pale Kabambare, mimi muuguzi, yeye mpimaji wa maabara, na sikuwahi kumwona akitia sahihi jibu ambalo hakuliangalia mara mbili.

Alizaliwa kijijini karibu na Kasongo, katika familia ya wakulima Wakristo waliokaa hapo tangu enzi za mababu, nyumbani wakisema Kizimba, sokoni Kiswahili. Masista ndio waliomfundisha hadubini. Ndoa ikamleta Kabambare. Mume wake, Jean-Baptiste, alikwenda Salamabila kutafuta dhahabu mwaka ambao binti yao wa pili alianza kutembea. Alirudi mara mbili, ya tatu hakurudi. Wengine walisema shimo lilimfunika, wengine wakaapa wamemwona mahali pengine na mwanamke mwingine. Hakuna aliyeleta mwili, hakuna aliyeleta barua. Honorine hakukaa matanga wala hakuolewa tena. Wifi zake walipomshikilia aamue moja, aliwaambia hawezi kuandika jibu la kipimo ambacho hakijafanyika. Aliwalea mabinti wake peke yake, akasonga mbele na kazi.

Miaka mitatu iliyopita alifika kwetu mwanamke kutoka Kisangani, mtafiti wa wanyama wadogo wa majini, jina lake Sonia. Alikuwa anapita tu, lakini mvua ilikata barabara akakwama siku nne katika chumba cha wageni cha kituo. Siku ya pili aliomba kutumia hadubini. Alikuwa amechota maji katika mashimo wanakofyatulia matofali, na ndani yake kulikuwa na vitu vyeusi-vyeusi vikizunguka, vidogo kama punje ya ufuta, vingine vidogo zaidi.

Honorine alivifahamu. Kila akipima maji kutafuta konokono wa kichocho alikuwa anaviona, na siku zote alidhani ni mbegu za majani. Sonia alimweka kwenye kiti. Ile mbegu ilikuwa na magamba mawili yaliyofungana kama kome, na katikati ya magamba zilitoka nywele na miguu, ikikimbia. Ilikuwa jamaa ya kamba na kaa. Sonia alisema ukoo wao ulianza baharini, na hadi leo walio wengi wanaishi huko huko, ila wengine waliingia mitoni na madimbwini zamani sana.

Mimi nilikuja kwa udadisi tu, nikabaki hadi chakula cha mchana kikapoa. Sonia alituonyesha dume. Upande wa nyuma wa gamba lake, ambalo mwanga ulipenya kidogo, ulionekana mzingo kama uzi wa kushonea uliokunjwa ukakunjwa. Alimpasua kwa sindano mbili nyembamba. Akatueleza kwamba mbegu ya kiume ya mdudu huyu, moja peke yake, inaweza kuwa ndefu mara kadhaa kuliko mwili wa mwenyewe aliyeitengeneza. Kwa kuwa haiwezi kusafiri yenyewe kirahisi, dume ana pampu mbili za kuisukuma, kila moja ina duru za miiba kama brashi ya kuoshea chupa, na ana viungo viwili vya kujamiiana, vikubwa kupita kiasi. Jike naye ana mirija mirefu iliyojizungusha, ya kuipokea na kuitunza.

"Sasa vyote hivyo vinamsaidia nini?" Honorine akauliza.

Sonia alicheka, akasema watu wamepewa shahada kwa kuuliza hilo tu. Alitusimulia kuhusu jamaa zao wa baharini waliogeuka mawe mamilioni ya miaka iliyopita. Gamba ndilo linalobaki, na katika aina nyingi gamba la dume hurefuka ili kuvipa nafasi viungo vile. Basi wataalamu walihesabu magamba hayo tabaka kwa tabaka, wakaona kwamba aina ambazo madume yake yalitumia mwili mwingi mno kwa uzazi zilitoweka mapema kuliko nyingine. Kama ni hivyo pia kwa wale wa maji baridi, hakuna anayejua. Kisha kuna aina nyingine hazina dume kabisa. Jike hutaga mwenyewe, na mayai huangua mabinti watupu. Mayai hayo yanaweza kulala ndani ya udongo mkavu miaka, yakisubiri maji. Sonia alitaka kujua katika sehemu hizi zetu za kusini mwa Maniema, dimbwi gani lina madume na lipi halina.

"Nani alishahesabu?" Honorine akauliza.

"Hakuna."

Neno hilo lilimwingia. Sonia alipoondoka alimwachia sindano mbili, chupa ndogo ishirini, alkoli na kichujio cha kitambaa. Wakapatana kwamba Honorine atahesabu madume na majike katika kila dimbwi, na kila kiangazi atatuma Kisangani mfuko mdogo wa udongo wa kila mahali, Sonia autie maji na kuangalia kitakachoanguliwa.

Tangu hapo Jumapili baada ya misa Honorine alipanda pikipiki ya Pitchou, kijana mwenye mke na watoto wawili, mtulivu, aliyejua kila njia ya panya kati ya Kabambare na Lusangi. Alirudi na chupa zake, na Jumatatu wagonjwa wakiisha aliketi karibu na dirisha, kwa sababu hadubini yetu inatumia kioo kinachonasa jua. Karatasi hakuwa nazo. Alitumia zile fomu za kituo zilizozidi, ambazo tayari zina mistari na juu yake M na F, za kuhesabia wagonjwa wanaume na wanawake. Akaandika mahali, tarehe, M ngapi, F ngapi, akazishona pamoja kuwa daftari.

Kiangazi cha mwaka jana alirudi kutoka Lusangi uso umechangamka nisivyozoea. Katika dimbwi moja pembeni ya machimbo, lenye matete, alikuwa amehesabu majike mia mbili na kumi na mbili, dume hakuna hata mmoja. Alirudia wiki iliyofuata. Ikawa vile vile. Aliniambia mimi, akaandika M: 0, F: 212.

Siku mbili baadaye nilikwenda sokoni kununua chumvi kwa rafiki yangu Asma, ambaye mume wake, Iliasi, anachimba Lusangi. Nikamwambia kwamba Honorine amegundua dimbwi kule kwa waume zenu, mwanaume hakuna, na watoto wanazaliwa tu. Tulicheka hadi wateja wakageuka. Nimekikumbuka kicheko kile mara nyingi.

Wakati huo hali haikuwa ya kucheka. Mwezi uliotangulia kambi moja ya wachimbaji upande wa kaskazini ilikuwa imevamiwa na watu wenye silaha, na habari ilisema siku chache kabla yake alipita mchuuzi asiyejulikana, akihesabu vibanda. Ukweli wake sikuujua. Lakini kuanzia hapo, katika machimbo yote, watu walimwangalia kila mgeni mikono yake, anaandika nini, anabeba nini.

Honorine alianza kuona mabadiliko. Akifika Lusangi wanawake waliinua bidoni zao za maji wakasogea. Wanaume walinyamaza akipita, wakaendelea kusema akishapita. Mmoja alimuuliza anatia nini majini. Siku moja alikuta mfuko wake umefunguliwa na kufungwa kwa fundo ambalo si lake. Aliniuliza kama niligusa, nikasema hapana. Akamuuliza Pitchou, naye akasema hapana, lakini Honorine aliniambia jioni ile kwamba ni Pitchou tu anayejua wanakosimama na wakati gani. Moyoni niliona huenda ni kweli.

Jumapili ya pili ya mwezi wa saba hakurudi. Saa kumi alasiri Pitchou alikuja peke yake, akaketi kwenye ngazi ya kituo, vumbi hadi kwenye kope.

"Wamemubakisha," akasema. "Kwenye barieri ya wachimbaji, pale wanafunga njia. Wamechukua kaye yake ya hesabu. Mukubwa wao anasema kama ni vidudu kweli, mulete ile mashini avione kwa macho yake."

Alisema kwamba kamati ya usalama ya machimbo ilimhoji na yeye saa nzima, kisha ikamwachia alete ujumbe. Mganga mkuu wa kituo chetu alisitasita, kwa kuwa hadubini ni moja, ikipotea hatuna nyingine. Mwishowe aliniambia niende nayo, na nisiiache mikononi mwa mtu.

Asubuhi tuliondoka. Niliifunga hadubini kwa vitenge viwili nikaipakata, nyuma ya Pitchou, na njia nzima ya mchanga na madaraja ya magogo sikuiachia hata kujishika. Pitchou hakugeuza kichwa wala kusema. Nilimtazama mgongo nikijiuliza kwa nini yeye amerudishwa na mwenzake amebakishwa. Wazo kwamba jambo hili lina mlango mwingine, na mlango huo ni mimi, halikunijia kabisa.

Honorine alikuwa amelala kwa mjane mmoja anayewapikia wachimbaji. Hawakumpiga. Nilimkuta ameketi kwenye benchi chini ya turubai, mikono juu ya magoti, na mbele yake mtu wa makamo mwenye miwani akifungua lile daftari ukurasa kwa ukurasa. Huyo alikuwa Katembo, mkubwa wa kamati. Alitoka Butembo miaka mingi iliyopita, ananunua dhahabu, na kabla ya hapo alikuwa mwalimu. Alinikaribisha vizuri, akaniletea maji ya kunywa. Adabu yake iliniogopesha kuliko vijana waliosimama nyuma yake.

"Mama Honorine," akasema, "nilifundisha hesabu miaka tisa. Karatasi ya kuhesabu watu nikiiona, naijua. Huku juu iko M na F. Hapa iko Lusangi. M, zero. Weye unatuambia nini?"

"Ni vidudu vya maji, chef."

"Karatasi hii ni ya hospitali. Hospitali inahesabu watu."

"Sina karatasi ingine."

Aligeuza ukurasa. Alisema wachimbaji wake wamegawanyika. Wako wanaosema hesabu hii inakwenda kwa watu wa porini, wale wenye silaha, na zero ile ni ahadi, kwamba siku moja Lusangi hapatabaki mwanaume. Wako wengine wanaosema mama huyu ametia dawa katika dimbwi, na mwanaume akioga humo nguvu zake zimekwisha, wabaki wanawake wanaojizalisha wenyewe. Habari hiyo ya pili imetoka sokoni Kabambare, akasema, na wanawake wanaisimulia na kucheka. Yeye mwenyewe haamini dawa. Ya kwanza ndiyo inayomnyima usingizi.

Niliyajua maneno yale. Yalikuwa yangu, yameongezwa pilipili tu. Nikainamisha kichwa.

Kisha Katembo aliuliza swali lingine. "Na udongo? Unatoka hapa, kwenye nchi ya dhahabu, unaenda Kisangani. Ulishamuona yule mwanamke anaufanyia nini?"

Nilimwona Honorine uso unabadilika, si kwa woga. Ulikuwa uso wake wa kazini, anapokuta kichupa cha damu hakina jina.

"Hapana," akasema. "Sikumuona."

"Basi," akasema Katembo. "Udongo tutauzungumza. Vidudu tutavihesabu pamoja."

Hawakumruhusu asogelee maji. Mmoja wa vijana alichukua ndoo iliyokuwa imeegemezwa kwenye kibanda, akaenda akachota mwenyewe kwenye dimbwi la matete, akaileta. Meza ikawekwa juani. Wanaume walikusanyika, arobaini hivi, wengine bado na matope ya shimoni magotini. Katembo alivuta kiti karibu na Honorine, akachukua karatasi tupu na kalamu yake. Alitaka kwanza afundishwe. Honorine alimchorea gamba la jike na la dume, akamwonyesha mahali pa kutazama, nyuma, ule mzingo wa uzi. Katembo alivua miwani, akaweka jicho. Kidudu kiliposogeza mguu alirudi nyuma kidogo, halafu akatazama tena.

Kazi yangu ilikuwa kutia tone la maji kwenye kioo. Honorine alitazama, akasema "jike," Katembo akathibitisha kwa jicho lake, akachora kijiti. Jike. Jike. Jua lilipanda. Walipofika hamsini Katembo aliacha kutazama kila mmoja, akawa anatazama mmoja hapa, mmoja pale, bila kusema ni yupi atakayemtazama. Wanaume wengine waliketi chini. Walipofika mia moja nilianza kupumua.

Kwenye mia moja thelathini na nane Honorine hakusema neno.

Alizungusha skrubu taratibu, akarudisha. Kisha aliinua macho akanitazama mimi. "Mounira, angalia."

Niliangalia. Nyuma ya gamba, waziwazi kama katika mchoro wake, uzi ulikuwa umekunjwa ukakunjwa. Daftari lilisema sifuri. Kama sifuri si kweli, basi hata vidudu huenda si kweli, na wanaume arobaini walikuwa wametuzunguka. Niliinama kama mtu anayepangusa kioo, nikamnong'oneza: "Sema jike."

Honorine alimgeukia Katembo. "Dume," akasema. "Mmoja."

Watu waliguna. Mmoja alisema kwa sauti kwamba ameanguka mwenyewe mtegoni. Katembo aliweka kalamu chini.

"Kaye yako inasema zero."

"Siku ile zero. Leo iko mmoja. Ao sikumuona siku ile, ao amekuja kisha. Sijui."

"Ungenyamaza nisingejua. Huyu nilikuwa sitamuangalia."

"Ningenyamaza, hizi zote tumehesabu tangu asubuhi zingekuwa za bure."

Katembo alisema anataka kumwona huyo dume. Honorine hakumpa hadubini mara moja. Alitoa sindano mbili mfukoni, akampasua yule mdudu juu ya kioo, akapanga vitu vyake, kisha akasogea. Katembo alitazama muda mrefu hadi mtu nyuma yake akakohoa. Alimuuliza ule uzi ni nini, naye akamwambia ni mbegu moja tu. Akauliza ile brashi ni nini, akaambiwa. Alipoinua kichwa aliwaita wachimbaji wawili waliokuwa wakisema sana, akawaamuru watazame. Wa pili, mtu mkubwa mwenye kovu shingoni, aliuliza kwa sauti ya chini kama mdudu huyo hapati maumivu kubeba mzigo wote ule. Hakuna aliyecheka.

Walimwachia Honorine mchana ule. Lakini Katembo alibaki na daftari, miaka miwili ya hesabu, na akakataza udongo wowote kutoka Lusangi. "Vidudu nimeviona," akasema. "Udongo sijaona mwisho wake."

Barabarani Honorine alikataa kupanda pikipiki ya Pitchou. Alisimamisha nyingine, akaniambia nipande hiyo pamoja naye, tukabanana watatu na hadubini. Pitchou alitufuata kwa mbali, kisha akaacha kufuata.

Kuanzia siku ile Honorine hakumsalimu. Yeye hakusema lolote mbele ya watu, lakini Kabambare ni ndogo, na macho yanatosha. Ikasemwa kwamba Pitchou anauza abiria wake. Wafanyabiashara waliokuwa wakimpa mizigo ya Salamabila wakampa wengine. Nilimwona asubuhi baada ya asubuhi ameegemea pikipiki yake kwenye maegesho, wenzake wanaondoka na watu, yeye yupo.

Honorine alimshuku Sonia pia. Swali la Katembo lilikuwa limemwingia kuliko hata kukamatwa. Alimtumia ujumbe kwa simu, bila mapambo: udongo niliokupa unaufanyia nini, na je, umewahi kumpa mtu mwingine. Siku ya kwanza hakuna jibu, ya tatu hakuna. Alianza kukumbuka mambo. Kwamba Sonia aliuliza sana njia za Lusangi. Kwamba viatu vyake vilikuwa vya bei. Hata zile siku nne za mvua zilianza kuonekana kama zilipangwa, nikamwambia hakuna apangaye mvua, akanijibu kwamba kukwama kunaweza kupangwa. Jibu lilikuja siku ya tisa. Sonia aliandika kwamba alikuwa mtoni bila mtandao, kwamba swali lilimwumiza, na kwamba angekuwa yeye angeuliza mapema zaidi. Atarudisha udongo wote uliobaki.

Wakati tunasubiri udongo huo, Elsa, mke wa Pitchou, alileta mtoto mwenye homa. Nilipomuuliza mtoto amekula nini, alisema uji wa jana, tena akaeleza bila hasira kwamba mume wake hapati watu, na hajui amekosa nini, kwa kuwa yeye mwenyewe amejiuliza hadi amechoka. Nilimtibu mtoto. Elsa alipotoka nilifunga mlango wa chumba changu, nikakaa. Halafu niliinuka nikaenda maabara.

Honorine alikuwa na jicho kwenye hadubini. "Ni mimi," nikamwambia. "Habari ya dimbwi. Pitchou hakusema kitu."

Hakuinua kichwa. "Ulimwambia nani?"

"Asma."

"Siku gani?"

Nikamtajia. Aliuliza maneno yenyewe yalikuwa yapi, nani alikuwepo, nani alicheka. Nilijibu yote. Mwisho akauliza, "Na kule Lusangi uliniambia niseme jike."

"Ndiyo."

"Mara mbili, basi."

Alivua koti jeupe, akalitundika, akatoka. Nilimfuata kwa mbali. Alikwenda moja kwa moja kwenye maegesho ya pikipiki, kukiwa na watu tele, akasimama mbele ya Pitchou, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia kwamba amemdhania uongo, kwamba hakuwa na ushahidi, na kwamba anamwomba msamaha mbele ya wenzake. Pitchou aliangalia chini, akasema, "Haina neno, mama." Lakini lilikuwa na neno, nilimwona akipangusa usukani ambao haukuwa mchafu. Wiki hiyo hiyo alianza kumpeleka tena, na watu, walipomwona Honorine nyuma yake, wakarudi polepole.

Mimi sikupata msamaha wa hadharani, wala sikuustahili. Mwaka mzima kila kichupa nilichokiandika jina alikihakikisha upya kwa mgonjwa mwenyewe, mbele yangu.

Udongo ulifika kwa lori kupitia Kindu na Kasongo, mifuko kumi na moja, kila mmoja na jina la dimbwi kwa mwandiko wa Honorine mwenyewe, pamoja na picha za beseni ambamo Sonia aliutia maji. Honorine hakutaka kuamini picha. Aliupeleka mfuko wa Lusangi kwa Katembo. Katembo aliuosha kwa karai lake, kwa mkono wake, taratibu kama anavyofanya kazi yake, na chini kabisa zikabaki chembe tatu nne za njano, kama zinavyobaki katika udongo wowote wa pale. Alizitazama, akasema mtu anayetaka dhahabu asingeirudisha. Akamrudishia Honorine daftari. Nyumbani tulipolifungua, ukurasa wa Lusangi ulikuwa umekatwa vizuri kwa wembe. Honorine hakurudi kuuliza. Alisema tu kwamba mtu huyo bado hajamaliza kuhakikisha.

Lilibaki jambo la yule dume. Sonia alikuwa ameangua mayai ya udongo wa Lusangi mara tatu, wakatoka majike watupu. Honorine aliwaza wiki nzima, kisha akakumbuka ndoo. Alikwenda Lusangi kumtafuta kijana aliyechota maji, akamuuliza ndoo ile ilikuwa na nini kabla yake. Kijana alifikiri kweli, akajaribu kusaidia, akashindwa. Huenda ilichotewa mtoni, huenda kwenye mashimo ya matofali ambako madume wako tele. Ndoo yenyewe ilikuwa imeshaibiwa. Sonia alitaka sana kuandika kwamba amepatikana dume katika dimbwi lisilo na madume. Honorine alikataa. Aliandika: dume mmoja, asili yake haijulikani, chombo hakikuaminika.

Kiangazi cha mwaka huu amekwenda tena mara nne, na ndoo yake mwenyewe, aliyoichemshia maji na kuianika juani. Katembo anatuma mtu wa kukaa naye hadi amalize. Wanawake wa pale bado hawachoti maji ya dimbwi lile, na wanaume hawaogi humo. Amehesabu majike mia tisa na tatu, dume hakuna. Mimi siku hizi ananiruhusu kutia tone kwenye kioo, na mara mbili ameniachia nitazame kwanza. Kuandika anaandika yeye.